Kizibao, Mikanda ya Miguuni au Taa: Kipi Kinamsaidia Dereva Kukuona Usiku?

Mwanzoni mwa Novemba jua la Dar es Salaam huchomoza kabla kidogo ya saa 12 asubuhi, na katikati ya Julai huchomoza saa 12 na nusu na ushei. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, mapambazuko yanayolitangulia hayadumu zaidi ya dakika 20 na kidogo, na machweo nayo ni hivyo hivyo. Kwa hiyo mwanachama wa klabu ya jogging anayetoka nyumbani saa 11 alfajiri ili arudi, aoge na kuwahi kazini, na fundi anayerejea Tegeta kwa baiskeli saa 1 na nusu usiku, hutumia barabara gizani mwaka mzima, iwe kiangazi au masika. Wenzangu ninaokimbia nao na ninaoendesha nao baiskeli huniuliza swali lile lile: fedha ikiwa ya kununulia kitu kimoja tu, kinunuliwe kipi kwanza?

Vitu vinavyoshindaniwa ni vinne: nguo nyeupe au zenye rangi kali, kizibao chenye viakisi ambacho madukani huitwa reflekta, mikanda midogo ya viakisi inayofungwa miguuni, na taa. Jibu langu kwa mkimbiaji si sawa na jibu langu kwa mwenye baiskeli, na kwa wote wawili kizibao, ambacho wengi hukikimbilia, hakishiki nafasi ya kwanza.

Tuanze na hesabu ya umbali, kwa sababu bila hiyo ulinganisho huu utakuwa wa kubahatisha. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu unaoruhusiwa katika maeneo ya makazi nchini Tanzania, hupita karibu mita 14 kila sekunde. Dereva aliye makini huchukua kama sekunde moja na nusu kutambua kilichoko mbele na kukanyaga breki, na katika muda huo gari limekwisha kwenda mita 21. Breki nzuri kwenye lami kavu zitahitaji mita nyingine 14 hivi kulisimamisha. Jumla ni mita 35. Kwa kilomita 80 kwa saa, hesabu hiyo hiyo hukaribia mita 70. Mtu aliyevaa nguo nyeusi, akimulikwa na taa za chini za gari, huonekana akiwa umbali wa mita 30 hivi, pengine pungufu. Maana yake ni kwamba hata dereva anayetii sheria, asiyelewa wala kushika simu, hawezi kusimama kwa wakati akikutana na mtu huyo. Tatizo huongezeka kwa sababu mwenda kwa miguu huziona taa za gari tangu nusu kilomita, naye hudhani kwamba kama yeye anaona, basi na yeye anaonekana.

Rangi ya nguo

Nguo nyeupe husaidia, na haina gharama ya ziada kwa kuwa kila mtu anayo. Mzee anayekwenda kuswali alfajiri na kanzu yake nyeupe huonekana kutoka karibu maradufu ya umbali anaoonekana kijana mwenye tracksuti nyeusi iliyomgharimu fedha nyingi. Kwa mwendo wa mjini umbali huo unaweza kutosha. Kwa mwendo wa barabara kuu hautoshi.

Rangi kali za njano-kijani na chungwa ndizo zinazowadanganya watu zaidi. Mchana rangi hizo hung'aa kupita kiasi kwa sababu dawa iliyomo kwenye kitambaa huchukua miale ya jua ambayo macho hayaioni na kuigeuza kuwa mwanga unaoonekana. Usiku miale hiyo haipo, na taa za magari zina kiasi kidogo mno cha miale hiyo, hivyo fulana iliyokuwa ikiwaka kama moto saa 6 mchana hubaki kuwa fulana ya rangi hafifu tu. Chini ya zile taa za zamani za barabarani zenye mwanga wa manjano mambo huwa mabaya zaidi, kwa maana mwanga huo hufifiza tofauti za rangi karibu zote. Anayekimbia jioni, akianza saa 11 jua likiwa bado lipo, atafaidika na rangi kali kwa nusu ya kwanza ya safari yake. Anayekimbia alfajiri asihesabu kabisa kwamba amejikinga kwa rangi.

Kizibao au mikanda ya miguuni

Kiakisi hufanya kazi tofauti na rangi. Utepe wake wa kijivu umetandazwa chembe ndogo sana za kioo, au umepigwa chapa ya prizimu ndogo ndogo, ambazo huurudisha mwanga kule kule ulikotoka badala ya kuutawanya. Kwa kuwa macho ya dereva yako karibu na taa za gari lake, mwanga unaorudi humfikia yeye, na utepe huonekana unawaka kutoka mita 150 au zaidi. Hapo umbali wa kusimama, hata kwa kilomita 80 kwa saa, unabakiza akiba.

Kwa eneo pekee, kizibao kinashinda. Kizibao cha daraja la pili kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa cha EN ISO 20471, ambalo ndilo daraja linaloandikwa kwenye vizibao vingi, hutakiwa kuwa na utepe wa kiakisi usiopungua mita za mraba 0.13. Mkanda wa mguuni wenye upana wa sentimita 4 na urefu wa sentimita 35 una mita za mraba 0.014, kwa hiyo miguu yote miwili inabeba takriban moja ya tano ya kile kinachobebwa na kizibao. Mtu akiishia kwenye hesabu hiyo atanunua kizibao na kulala usingizi.

Hata hivyo kuonekana si sawa na kutambulika. Dereva anayeona kitu kinachong'aa mbele yake hajajua bado kama ni kibao cha barabarani, pipa la mafundi wa barabara, gari bovu lililoegeshwa au mtu. Mwaka 2012 watafiti wa Queensland University of Technology ya Brisbane, Australia, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo madereva waliendesha gari usiku na kutakiwa kusema walipomtambua mwendesha baiskeli. Aliyevaa nguo nyeusi alitambuliwa mara 2 kati ya 100. Aliyevaa kizibao cha rangi kali kisicho na viakisi alitambuliwa mara 15, na aliyevaa kizibao chenye viakisi mara 50. Kizibao hicho hicho kilipoongezewa viakisi kwenye vifundo vya miguu na magoti, alitambuliwa mara 90. Katika jaribio hilo madereva vijana waliwatambua waendesha baiskeli karibu maradufu ya madereva wazee, jambo la kukumbuka kila tunapokisia uwezo wa macho ya aliyeshika usukani.

Sababu ni kwamba macho ya binadamu yana ustadi wa pekee wa kutambua mwendo wa binadamu mwenzake. Nukta mbili zinazopanda na kushuka kwa zamu husomeka mara moja kuwa ni miguu, kabla mtazamaji hajaona mwili wowote. Kiwiliwili cha mtu anayeendesha baiskeli hakitikisiki sana, kwa hiyo kizibao chake huonekana kama kipande cha kitu kinachoelea gizani.

Kuna jambo la pili linaloipa mikanda uzito, nalo linatokana na jinsi taa za chini zinavyoelekezwa. Mwanga wake hukatwa kwa juu ili usimpofushe dereva anayekuja, hivyo sehemu kubwa ya mwanga huo huangukia lami, na kitu kilicho chini hupata mwanga mwingi na mapema kuliko kilicho juu. Vifundo vya miguu vipo pale pale mwanga ulipo. Aidha, katika nchi zinazoendesha kushoto kama zetu, mwanga huo hurefushwa kidogo upande wa kushoto na kufupishwa upande wa kulia. Magari mengi tunayonunua yametumika Japani, ambako pia huendesha kushoto, kwa hiyo taa zake zinakuja zikiwa zimepangwa sawasawa kwa barabara zetu. Anayeendesha baiskeli kwenye ukingo wa kushoto, na mkimbiaji anayekimbia upande wa kulia akiyatazama magari yanayomjia, wote wako upande ule ambao mwanga hufika mbali.

Nina sababu ya tatu, ambayo ni ya kwetu na sijaiona ikitajwa kwingineko. Katika miji ya Tanzania kizibao cha reflekta ni vazi la dereva wa bodaboda. Dereva anayekiona kwa mbali hukisia pikipiki inayokwenda naye kwa mwendo unaokaribiana na wake, kumbe aliyekivaa ni mkimbiaji wa kilomita 10 kwa saa, na nafasi iliyodhaniwa kuwa kubwa inakwisha ghafla. Hayo ni maoni yangu kutokana na miaka ya kupishana na magari, lakini tangu nilipoanza kufunga mikanda miguuni nimeona magari yakianza kunikwepa mapema kuliko yalipokuwa yakiniona kwa kizibao peke yake.

Kizibao kina kasoro nyingine ndogo ya kukumbukwa: mkoba wa mgongoni hukifunika. Anayeendesha baiskeli na begi la kompyuta juu ya kizibao amejikinga mbele tu, wakati gari la hatari kwake ni lile linalotoka nyuma. Kwa upande wa mikanda, kasoro ni kwamba hulegea, huteremka hadi kwenye viatu na kuchafuliwa na matope. Masika nafuta yangu kila ninaporudi.

Kiakisi ni mwanga wa kuazima

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri, na kiakisi, kiwe cha kifuani au cha miguuni, huishi kwa mwanga wa kuazima. Taa ya gari isipokupiga, huna kitu. Bajaji iliyoungua taa na inayokuja kwa nyuma haitakiona kizibao chako hata kidogo. Gari linalotoka barabara ya mtaa kuingia barabara kuu humulika mbele yake, na wewe uko pembeni; dereva wake akitazama kulia na kushoto hana mwanga wa kukurushia. Kwenye kona hali ni hiyo hiyo. Hayo ndiyo mazingira ambayo taa hushinda viakisi vyote, kwa sababu taa haimwombi mtu mwanga.

Kisha yapo malori na mabasi. Mwanga unaorudishwa na kiakisi hurudi kama koni nyembamba kuelekea kwenye taa zilizoutuma, na hufifia kwa haraka kadiri jicho linavyokuwa mbali na taa hizo. Dereva wa gari dogo ameketi karibu juu ya taa zake, lakini dereva wa lori kubwa yuko zaidi ya mita moja juu yake. Kwa umbali wa mita 50, kiakisi kinachomeremeta kwa mwenye gari dogo kitakuwa kimefifia kwa mwenye lori. Anayeendesha baiskeli kwenye Barabara ya Morogoro kuelekea Kibaha, kati ya malori ya mizigo yanayotoka bandarini, asitegemee viakisi peke yake.

Taa nayo ina unyonge ambao kiakisi hakina: hufa. Yangu ya nyuma iliwahi kuzimika katikati ya safari nikaendelea na mwendo kwa nusu saa bila kujua, kwa maana taa ya nyuma ndiyo taa pekee ambayo mwenyewe haioni. Nilipofika nyumbani ndipo nilipogundua kwamba kilichokuwa kikinilinda muda wote ni kile kiakisi chekundu cha kwenye madigadi, kilichokuja na baiskeli na ambacho sijawahi kukithamini. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani hauchagui kati ya viwili hivyo. Unaitaka baiskeli iwe na kiakisi chekundu nyuma, pamoja na vifaa vya kuonyesha mwanga mwekundu nyuma na mweupe au wa njano mbele. Mpangilio huo wa rangi una maana kubwa, kwani ndio unaomwambia dereva kama unamjia au unamwacha. Tochi nyeupe iliyofungwa nyuma ya kiti, ambayo huonekana mara nyingi, humfanya dereva adhani kuna chombo kinachomjia upande wake, na hilo linaweza kumyumbisha.

Wenye baiskeli za zamani, hasa Phoenix, huuliza kuhusu dainamo. Haihitaji betri wala kuchaji, na hilo si dogo kwa asiye na umeme wa uhakika, lakini ile ya kawaida inayosuguana na tairi huzimika baiskeli inaposimama. Unaposubiri katikati ya barabara ili ukate kulia, yaani wakati ambao unahitaji kuonekana kuliko wakati mwingine wowote, uko gizani. Taa za kuchaji kwa waya wa simu hazina tatizo hilo, ila huibwa kwa wepesi. Taa ya kushikizwa kwa mpira, inayochomolewa na kuingizwa mfukoni kila unapoingia dukani, ndiyo inayofaa.

Kuhusu taa ya kumweka, yaani inayowaka na kuzimika kwa haraka, na taa tulivu, nchi zenyewe hazikubaliani: Ujerumani hairuhusu taa za baiskeli zinazomweka, Uingereza iliziruhusu mwaka 2005. Inayomweka huvuta macho haraka, lakini tulivu humrahisishia dereva kukadiria umbali. Kwa barabara zetu za mijini ninaegemea taa tulivu, kwa sababu bodaboda nyingi zimepambwa kwa vitaa vya rangi zinazomweka kila upande, na taa moja zaidi inayomweka katikati ya sherehe hiyo hupotea. Mwenye taa mbili za nyuma anaweza kuiacha moja itulie na nyingine imweke. Bluu iachwe kabisa, kwani ni ya polisi.

Kuchagua kwa fedha iliyopo

Kwa mkimbiaji, ningenunua kwanza mikanda miwili ya viakisi ya vifundo vya miguu. Ni nyepesi, haimpi joto kama kizibao cha nailoni, na miguu ya mkimbiaji inatikisika kuliko kitu chochote barabarani. Cha pili kingekuwa taa ndogo ya kubana, ivaliwe kifuani au kiunoni. Taa ya kichwani ina faida ya kuonyesha mashimo na mifuniko ya mitaro iliyoibwa, lakini mkimbiaji akimgeukia dereva kumtazama humpiga mwanga wa machoni, na dereva aliyepofushwa hana msaada kwa yeyote. Kizibao ningekiweka cha tatu. Kwa vikundi vikubwa vinavyokimbia vikiimba alfajiri mpangilio hubadilika: watu 40 hawahitaji mikanda 80 ili watambulike kuwa ni watu, ila wa mwisho kabisa na wa mbele kabisa wavae vizibao na wabebe taa, nyekundu kwa wa nyuma, nyeupe kwa wa mbele.

Kwa mwenye baiskeli, cha kwanza ni taa nyekundu ya nyuma, kwa sababu yeye huendesha akiwa amewapa mgongo wanaomhatarisha na hawezi kuruka kando kwa wepesi wa mkimbiaji. Mikanda ya vifundo inafuata kwa karibu, na wenye pedeli zenye viakisi vya rangi ya chungwa tayari wana sehemu ya faida hiyo bila kulipa. Taa ya mbele ni ya tatu kwa anayepita barabara zenye taa, lakini hupanda hadi sawa na ya nyuma kwa anayepita zisizo na taa, maana huko anahitaji pia kuona. Mkanda wa ziada kwenye kifundo cha mkono wa kulia hufanya ishara ya kukata kulia ionekane. Viakisi vya kwenye spoku husaidia kwenye makutano, lakini huonekana ubavuni tu. Ikiwa vimekuja na baiskeli viache, ikiwa havikuja usivipe kipaumbele.

Anayebeba mzigo kwenye keria, awe na gunia la mkaa, matenga ya nyanya au kreti za soda, ana hali yake ya peke yake. Mzigo huziba taa iliyofungwa chini ya kiti na hufunika mgongo wenye kizibao, na mara nyingi hakuna kinachobaki wazi nyuma isipokuwa miguu inayochungulia pande mbili. Huyo afunge taa juu ya mzigo wenyewe, na mikanda ya vifundo kwake ni ya lazima.

Kabla ya kulipa, kijaribu kitu chenyewe. Sokoni, Kariakoo ikiwemo, kuna vizibao ambavyo utepe wake ni wa kijivu kwa rangi tu. Mwombe muuzaji akishike kizibao mwisho wa duka penye kivuli, kisha washa tochi ya simu na uishike ubavuni mwa jicho lako, sawa na paji la uso. Utepe wa kweli utawaka mweupe machoni mwako; ukiishusha simu hadi kiunoni, mng'ao utapungua kwa kiasi kinachoonekana. Usiobadilika kwa vyovyote ni kitambaa tu. Angalia pia lebo ya ndani, kwani vizibao vilivyopimwa huandikwa idadi ya mara vinavyoweza kufuliwa, kwa mfano 25 au 50, kabla utepe haujachoka. Fua kwa maji ya kawaida, usitumie dawa ya kung'arisha wala pasi, na rudia jaribio la tochi kila baada ya miezi michache, hasa kwa mikanda ya miguuni inayokula vumbi na jasho kila siku.